Bomba Lililozikwa kwa Kuogopa Barafu

Ninyi mnaofungua mfereji kwa kidole kimoja, kisha mkanuna kwa kuwa maji yamechelewa kufika, kaeni niwasimulie. Haraka sina. Nyundo nimeitundika, goti la kulia halikunji, na wakwe zangu wameshanisikiliza mpaka wameota sugu masikioni. Mmebaki ninyi. Mkiona nawakejeli, vumilieni. Nilianza kujikejeli mwenyewe kabla hamjazaliwa, na kazi hiyo sijaistaafu.

Habari yenyewe ni ya miaka ile kabla Wadachi hawajatuletea bendera yao, wakati misafara ya bara ilikuwa ikishuka Bagamoyo kila kiangazi, na mji mzima ukinywa maji ya kisima yenye chumvi kidogo na vyura kidogo. Hatukulalamika. Mtu asiyejua kuna maji mengine hana cha kulalamikia, na huo ndio utajiri mliopoteza ninyi.

Sikuanza na mabomba. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukalafati vyombo pale Mbegani, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, unaishindilia kwa chembeu na nyundo mpaka bahari ikate tamaa ya kuingia. Nilikuwa hodari, na kwa ubaya zaidi, nilikuwa najijua. Basi maji ya bomba yalipoanza kuletwa mjini Unguja, wakatafutwa watu wanaojua kuziba. Nikavuka. Nikawekwa chini ya Fundi Vuai, mtu mfupi, mkali, kiziwi wa sikio la kushoto. Kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza mabomba. Msiniulize nani alimchagua. Katika kazi zote nilizofanya, mwenye sikio moja hupewa kusikiliza na mwenye jicho moja hupewa kulinda.

Siku ya kwanza aliniachia maungio mawili, akaenda kuswali adhuhuri. Bomba la chuma, kama hamjui, lina mdomo mpana upande mmoja, na bomba jingine huingia humo. Pengo linalobaki kati yao ndilo la kuziba. Nikaliziba kama nilivyoziba majahazi: pamba, mafuta, chembeu, nyundo. Yalipendeza hata nikawaita wenzangu waje kutazama. Walipokuja, maji yakafunguliwa. Pamba yangu ikatoka polepole mbele yao kama ulimi wa ng'ombe, na nyuma yake yakaja maji, yakatulowesha sote bila kubagua.

Fundi Vuai akarudi, akatazama. "Shomari," akaniuliza, "bahari iko wapi?"

Nikamwonyesha upande wa forodhani.

"La. Bahari ya bomba hili."

Nikainama kulitazama bomba.

"Iko ndani, mwanangu. Chombo huogopa maji ya nje, bomba huogopa maji ya ndani. Wewe umemfungia mwizi mlango, naye amelala kitandani kwako."

Mwezi mzima mafundi wenzangu waliniita Nahodha, wakiniuliza bomba langu litatweka tanga lini. Nilicheka nao, lakini moyoni niliapa kwamba sitachekwa tena. Kiapo hicho kikumbukeni, maana ndicho kilichokuja kumgharimu mtu mwingine.

Kwa hiyo nikajifunza upya. Katani kwanza, unaishindilia ndani ya mdomo wa bomba. Kisha risasi iliyoyeyushwa, unaimimina kwa mkono usiotetemeka, mara moja, bila kupumzika. Ikishapoa unaigonga pembeni mpaka ikae. Kujua risasi kama imeiva, chovya kijiti kikavu cha ukuti: kikitoka cheusi, mimina, kikishika moto, ngoja ipoe, kikitoka kama kilivyoingia, umewahi, kachochee moto. Na lililo kubwa kuliko yote: risasi ya moto haipendi maji. Tone moja tu likiwa ndani ya mdomo wa bomba, risasi hukurukia. Hili kovu la mkononi si la vita, ingawa wajukuu zangu wameambiwa hivyo.

Miaka miwili baadaye tukaitwa Bagamoyo. Aliyetuita ni Bibi Mwanaheri binti Saidi, mjane mwenye mashamba ya minazi kuelekea Mapinga. Hakuwa na mtoto aliye hai. Alitaka kufanya mambo mawili kabla ya kufa, na aliyasema kwa utaratibu huo huo: kwanza aweke wakfu wa maji, yatoke katika kisima kizuri kilichoko kwenye mwinuko nyuma ya mji, yateremke kwa bomba mpaka kwenye birika la msikiti, pili aende Makka kuhiji. Meli ya mahujaji ilikuwa itoke Unguja baada ya miezi minne. Sanduku lake alikwisha kulifunga. Lilikuwa limewekwa barazani, na kila aliyeingia alilikwepa.

"Nataka maji yatoke, nitawadhe kwayo mara moja, kisha nipande meli," alituambia. "Mnaweza?"

"Tunaweza, Bibi," nikajibu mimi, ambaye sikuulizwa.

Mabomba yalifika kwa mashua, na wapagazi wakayashusha kwa njia ya kienyeji, yaani kuyatupa majini yalipofika magotini, kisha kuyaviringisha mchangani. Wakala wa muuzaji akasema yote ni mazima. Fundi Vuai hakubishana naye. Aliyatundika moja moja kwa kamba kwenye miti mitatu, akaligeuzia kila moja lile sikio lake la kulia, akaligonga kwa nyundo ndogo. Bomba zima huimba. Lenye ufa hukohoa. Ukiwa na shaka, lipake mafuta ya nazi, ulipanguse, kisha ulinyunyizie chokaa kavu. Ufa ukiwepo utatoa jasho la mafuta na kujichora wenyewe kwenye chokaa. Wakala alikasirika alipoona mangapi yanakohoa, akasema Fundi ni kiziwi. Fundi akamjibu kwamba sikio bovu haliwezi kulitia bomba zima kikohozi. Yaliyokataliwa hayakupotea: mengine yakawa bomba la moshi la mwoka mikate, mengine nguzo za mabanda, na moja, mtaona ajabu ya Mungu, lilichukuliwa na imamu wetu kutolea maji ya kuogea kutoka chooni kwake.

Pamoja na mabomba alikuja Mzungu. Kazi yake ilikuwa kukagua, maana muuzaji alisema hatawajibika kwa bomba lisilozikwa kwa sheria. Sheria yenyewe ilikuwa kitabu chenye jalada jekundu, na Mzungu hakukiacha hata akienda haja. Tulimwita Bwana Kitabu. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia vizuri, Kiswahili chake kilikuwa kama cha mpishi wa meli, na alipotaka kujua kama mvua inanyesha, nadhani alianza kutazama kitabuni.

Tulipoanza kuchimba mtaro wa kina cha mkono mmoja, akatusimamisha. Kitabu kilitaka mtaro ufike kifuani kwa mtu mzima.

"Kwa nini?" akauliza Fundi Vuai.

"Barafu," akasema Bwana Kitabu.

Tukatazamana. Akatueleza kwa subira kwamba kwao kuna majira ambayo maji hugeuka jiwe, na yakigeuka jiwe ndani ya bomba, bomba hupasuka. Kwa hiyo hulizika chini sana, baridi isilifikie. Tukamsikiliza kwa adabu. Tulikuwa uchi mpaka kiunoni, jua la mchana likitukaanga. Kondo, mkuu wa wachimbaji wetu, Mkwere wa Fukayosi, aliegemea jembe lake akauliza:

"Na hiyo barafu, Bwana, inakuja kwa njia ya bara au kwa bahari?"

Watu wakacheka. Bwana Kitabu hakucheka. Akasema yeye hakuandika kitabu, ila akiandika kwamba mtaro hauna kina cha sheria, muuzaji atakana mabomba yake, na Bibi atabaki nayo kama yalivyo. Bibi akaambiwa. Akasema kama ndiyo sharti, chimbeni. Basi tukachimba, chini ya mchanga tukakuta mwamba wa matumbawe, tukauvunja kwa mitaimbo, shibiri kwa shibiri, Bagamoyo, kwa kuogopa barafu.

Kila mji una kitabu chake, na sisi tulikuwa na chetu. Bwana Kitabu alileta makopo ya mafuta mazito meupe, ya kulowekea katani. Imamu alikuwa akipita, akanusa kopo. Sheikh huyo alikuwa mtu wa elimu, na nyumba yake ilikuwa imepakana na mtaro wetu, hatua chache kabla ya msikiti.

"Mafuta ya mnyama gani haya?" akauliza.

Bwana Kitabu akafunua kitabu. Kilisema mafuta. Hakikusema ya nani.

"Inawezekana ni ya nguruwe?"

"Inawezekana," akasema Bwana Kitabu, ambaye angalau hakuwa mwongo.

Kazi ikasimama siku tatu. Maji ya kutawadhia yapite kwenye viungo vilivyopakwa nguruwe? Mji mzima ulikuwa na maoni, na wenye maoni makubwa walikuwa wale ambao msikitini huonekana Idi mbili tu. Mwishowe nikapendekeza mafuta tuliyotumia Mbegani, shahamu ya kondoo aliyechinjwa kihalali, na Sheikh akasimama kuangalia kondoo akichinjwa, akayeyushwa, akatiwa katanini. Aliikagua kazi ile kwa makini kuliko alivyoikagua Bwana Kitabu. Na muda wote huo, jamani, shimo la choo lake lilikuwa mikono minne kutoka pale aliposimama.

Hakuna aliyelitazama. Hata mimi. Mtaro wa mkono mmoja ungepita juu ya maji ya shimo lile bila kujuana nayo. Mtaro wa kifuani ulipita chini yake.

Tulipofika pale, Fundi Vuai alikuwa amelala na homa. Mwenyewe aliniambia, "Shika kazi, Shomari." Nilikuwa nimengoja maneno hayo miaka miwili na zaidi. Nilivaa kofia mpya kwenda mtaroni. Wachimbaji wakaniita Fundi Mkuu, nami nikajifanya sijasikia ili warudie.

Ilikuwa Jumatano. Kondo alikuwa chini, akapandisha uso.

"Fundi, huku chini panavuja."

"Ni maji ya mvua," nikamwambia.

"Mvua haijanyesha tangu tulipofika hapa."

"Basi ya mwaka jana."

"Mvua ya mwaka jana ilikuwa inanuka hivi?"

Nikashuka. Sikuhitaji kuambiwa. Upande wa ukuta wa Sheikh ardhi ilikuwa nyeusi, inachuruzika kidogo kidogo, na harufu ilikuwa ile ambayo mtoto wa mwaka mmoja anaijua. Na papo hapo, kwa bahati yetu, ndipo palipoangukia maungio. Nilipangusa mdomo wa bomba kwa matambara, nikaukausha kwa makaa, ukalowa tena. Nikamimina risasi. Ikatema, ikafoka, ikajaa vipovu kama uji. Nilipoigonga ilikuwa laini mahali pengine na tupu mahali pengine.

Nilijua. Nataka hili mlielewe vizuri, kwa kuwa mzee akisimulia makosa yake hupenda kusema hakujua. Nilijua kiungo kile ni kibovu, na nilijua maji yale ni ya choo. Njia ya haki ilikuwa kusimamisha kazi, kwenda kwa Bibi, kusema: mtaro huu umepita pabaya, tuuinue, tuuhamishie ng'ambo ya njia. Lakini Bwana Kitabu angesema kina si cha sheria. Sheikh angeona nimemvunjia heshima. Na mafundi wangesema Nahodha kashindwa tena, siku ya kwanza ya ukuu wake. Nikakandika shahamu na chokaa juu ya risasi, ikawa nyororo, ikapendeza.

"Fukia," nikamwambia Kondo.

Alinitazama kidogo. Kisha akafukia. Hakuwa na kofia mpya ya kulinda, lakini alikuwa na watoto Fukayosi.

Siku kumi na nne baadaye bomba likafika msikitini. Likajazwa, likazibwa mwisho, na Bwana Kitabu akaweka alama kwenye tangi la mawe tulilojenga kule mwinuko. Kitabu kiliruhusu maji yapungue upana wa kidole kwa siku nzima. Yalipungua nusu ya kidole. Bwana Kitabu akafurahi, akaandika, akatia sahihi. Nami nilifurahi kama mwizi aliyeachiliwa kwa kukosa ushahidi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka tulipolifungua bomba kulimwaga. Maji hayakuwa ya mto. Tangi lingejazwa kwa ndoo kila asubuhi, na mchana likiisha bomba lingebaki tupu mpaka kesho yake. Nikasikia bomba likimaliza kukoroma, likatulia. Na mimi, mtu wa Mbegani, nikakumbuka kitu ambacho si Fundi Vuai wala kitabu chekundu kilichonifundisha. Bomba likijaa maji, bahari yake iko ndani. Likiwa tupu limelala kwenye tope, ni chombo kama vyombo vyote, na bahari yake iko nje. Nusu ya kidole iliyopata njia ya kutoka ingepata njia hiyo hiyo ya kurudi, ikiwa imefuatana na wenyeji wa pale.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ufunguzi ulikuwa kesho yake, kabla ya sala ya Ijumaa. Mashua ya kumpeleka Bibi Unguja ilikuwa Jumamosi.

Nikaenda kwake. Kwa mara ya kwanza nikajikwaa kwenye lile sanduku.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Fundi. Mbona umekuja kama mpeleka tanzia?"

Nikamwambia habari ya choo na ya bomba tupu. Sikumwambia habari ya Jumatano. Nilisema nimeingiwa na shaka, kana kwamba shaka ilikuja na upepo wa asubuhi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Una hakika?"

"Sina, Bibi. Nina pua."

"Pua si shahidi. Mzungu ametia sahihi, Sheikh ameridhika, na wewe una pua. Niletee shahidi."

Nikafikiri. Nikamwomba ruhusa ya kununua nili, ile wanayotia wanawake kwenye nguo nyeupe. Akaelewa kabla sijamaliza, akafumba macho kidogo, akasema, "Tia nyingi."

Duka la Dhanji, Mhindi wa kona, halikubaki na donge hata moja. Alasiri hiyo Kondo alimwomba Sheikh ruhusa ya kutumia choo chake, kwa kuwa alikuwa ameharibikiwa na tumbo. Sheikh, mtu mkarimu, akamruhusu. Kondo aliingia na ndoo mara nane. Mara ya nane Sheikh alimpa ubani wa kutafuna na kumwombea dua.

Ijumaa asubuhi watu walijaa. Bibi Mwanaheri aliketi kwenye kiti kando ya ukuta, amejifunika ushungi, bakuli la kauri mapajani. Bwana Kitabu alikuja amevaa koti, na kitabu. Fundi Vuai, aliyepata nafuu, aliegemea fimbo. Sheikh akasoma dua ndefu nzuri. Kule juu wakafungua. Bomba likakohoa, likatema upepo, na maji yakaja kwenye bakuli la Bibi yakiwa na rangi ya nili kama maji ya kufulia kanzu ya sikukuu.

Bwana Kitabu akasema ni kutu. Nimeshika chuma maisha yangu yote. Nimeona kutu nyekundu, nimeona nyeusi, nimeona ya rangi ya manjano. Kutu ya nili nimeiona siku hiyo moja tu, tena kwa kinywa cha mtu msomi.

Sheikh akasogea. Kitabu chake kina vipimo vitatu vya maji, navyo ni rangi, ladha na harufu. Cha kwanza kilimtosha, na wa kumkagulia ladha hakutokea.

"Yamebadilika," akasema. "Yamechanganyika na nini?"

"Na nili, Sheikh," nikasema.

"Nili si najisi. Imetoka wapi?"

"Dukani kwa Dhanji."

"Na kutoka dukani kwa Dhanji ikapitia wapi?"

Nikatazama miguu yangu. "Ikapitia chooni kwako, Sheikh."

Kisha Sheikh akageuza shingo, akamtafuta Kondo kati ya watu, na Kondo akaanza kutafuta ubani mfukoni kwake. Nimemkejeli sana Sheikh huyu, kwa hiyo niseme na hili: alivua kilemba, akaingia kwake, akatoka na jembe. Alikuwa wa kwanza kuchimba.

Bwana Kitabu akasema bomba lisiinuliwe, kina ni sheria, barafu ni barafu. Bibi Mwanaheri akainuka na bakuli lake.

"Mwambieni," akasema kwa sauti ndogo, "barafu ikifika Bagamoyo nitaikaribisha mwenyewe, nimtume na mtu akamwite aje kuikagua. Liinueni bomba, mlivushe ng'ambo ya njia."

Kazi ile ilichukua siku arobaini, maana mwamba tuliouvunja upande mmoja ulitungoja upande wa pili. Jumamosi mashua ilikuja, ikangoja, ikaondoka, na ile ya mwisho ya kuiwahi meli ya mahujaji ikaondoka wiki moja kabla hatujamaliza. Watu walimsihi aende, wakamwambia kazi itasimamiwa. Akawajibu kwamba wakfu umeandikwa kwa jina lake, na hawezi kwenda kuomba radhi Makka ilhali nyuma ameacha watu wakitawadha kwa choo. Sanduku halikufunguliwa. Mwaka ujao si mbali, alisema.

Maji yalipotoka, yalitoka meupe. Tulijaribu kwa nili mara mbili, likiwa limejaa na likiwa tupu, na tangu siku hiyo sijapokea bomba kutoka kwa fundi yeyote bila kulijaribu tupu. Ninyi pia msipokee. Kama kitabu hakijasema, kiandikieni pembeni. Bibi alitawadha kwa maji yale kwenye karo la nyumba yake, polepole, kila kiungo mara tatu. Alipomaliza akaniita.

"Fundi Shomari, nina swali moja. Harufu ile uliisikia siku gani?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea. Lakini alikuwa bado anadondoka maji mikononi, nikashindwa.

"Jumatano, Bibi. Tulipokuwa tunapita ukutani kwa Sheikh."

"Jumatano ile, kabla hamjafukia?"

"Kabla hatujafukia."

Akahesabu siku kwenye vidole, taratibu, kwenda mbele, kurudi nyuma, akizitoa siku kumi na nne, akizitoa na za kuchimbua.

"Basi mashua ya mwisho ningeiwahi," akasema.

Hakunilaani, wala hakunisamehe. Aliagiza tuletewe kahawa na haluwa, tukala, Fundi Vuai akasifu haluwa. Masika yaliyofuata Bibi Mwanaheri aliugua kifua, akafa kabla ya mwaka ujao ule uliokuwa si mbali. Mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza, na maji ya kumwoshea yalitoka bombani mwangu.

Hija yake ilikuja kufanywa kwa niaba yake, kama sheria inavyoruhusu, na mtu aliyekwisha kuhiji yake mwenyewe. Ilinichukua miaka kumi na saba kufika mara ya kwanza, na mitatu zaidi kurudi kwa ajili yake. Nilipofika mahali pa kutia nia, nikataja jina lake na la baba yake, nikalia mpaka watu wa nyuma yangu wakanisukuma nisogee. Walidhani ni mahaba ya ibada. Nilikuwa nikimsomea nia yake mwanamke aliyekuwa na miguu yake mizima na sanduku lake limefungwa, na ambaye angefika pale mwenyewe kama ningalifungua mdomo Jumatano.